Sura za insha wamezikariri, mbona alama hazipandi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Kayole, Nairobi. Nina wanafunzi 52 wa Kidato cha Tatu. Nimewapa noti za kila aina ya insha na sura wamezikariri barabara: anwani, mtajo, ajenda, sahihi. Hata hivyo alama zao haziondoki 8 au 9 kwa 20, na kila insha, iwe ripoti iwe hotuba, huanza na "Ilikuwa siku ya Jumamosi, ndege wakiimba nyimbo tamu". Nizifundishe vipi aina hizi, na nianze na ipi?

Jibu: Mwalimu, kabla ya lolote chukua daftari kumi uhesabu maneno. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, inataka kila insha isipungue maneno 400, na wasahihishaji huupima urefu kwa viwango. Kuanzia maneno 375 insha huhesabiwa kuwa kamili. Maneno 275 hadi 374 ni robo tatu ya insha na upeo wake ni alama 15. Maneno 175 hadi 274 ni nusu na upeo wake ni alama 10. Ukikuta wengi wameishia 250, hata wangeandika kwa ufasaha wa malenga hawangepita 10. Wafunze kuhesabu maneno ya mistari mitatu, watafute wastani, kisha wajue mapema kurasa zao zinahitaji mistari mingapi. Mwenye wastani wa maneno tisa kwa mstari anahitaji mistari 45 hivi.

Ikiwa urefu unatosha, basi tatizo liko penye maudhui na lugha. Alama 8 na 9 zimo katika kiwango cha C, yaani 6 hadi 10. Hiki ni kiwango cha insha ambayo ujumbe wake umefika lakini hauna mnato, hoja zimetajwa bila kukuzwa, na makosa ya lugha yanamkwaza msomaji. Sura haina fungu lake la alama. Mtahiniwa akiikosa huondolewa alama 4. Akiipata hapewi nyongeza yoyote. Wanafunzi wako wameshajifunza kutopoteza zile nne. Kinachobaki ni kuwafunza kilicho kati ya mtajo na sahihi.

Noti nyingi zinachora sura, zinatoa mfano mmoja, kisha zinahamia aina nyingine. Kijana anaipokea barua rasmi kama fomu ya kujaza. Akishajaza juu na chini, katikati panabaki patupu, naye anapajaza kwa kitu pekee alichozoea tangu shule ya msingi, yaani masimulizi. Hapo ndipo ile Jumamosi inapoingilia. Kwa hiyo sura itangulizwe na maswali manne, yaandikwe ubaoni na yasifutwe muhula mzima: Nani anaandika, kwa cheo gani? Anamwandikia nani? Msomaji huyo anajua nini tayari? Akimaliza kusoma, afanye nini?

Kisha chagua jambo moja la mtaani na ulipitishe katika kila aina. Chukua mtaro ulioziba mbele ya lango la shule. Masika yakianza mwezi wa Machi maji yanafurika, watoto wanavua viatu, vipindi vya asubuhi vinachelewa. Kila kijana wa Eastlands amewahi kuvuka maji ya namna hiyo, kwa hiyo hatapoteza dakika akitafuta cha kusema. Nguvu zake zote zitaenda kwenye namna ya kukisema, na tofauti kati ya aina ataziona mwenyewe kwa sababu jambo ni lile lile.

Anza na barua rasmi. Mwandishi ni katibu wa baraza la wanafunzi. Mpokeaji ni afisa katika ofisi ya wadi. Afisa huyo hajui ni mtaro upi. Sasa kila sehemu ya sura inapata sababu. Anwani ya mwandishi ipo ili ajibiwe. Tarehe ipo ili ijulikane barua imekaa siku ngapi bila jibu. Mada, ile inayotanguliwa na KUH (kuhusu) au MINT (mintarafu) (mwanafunzi achague moja, asichanganye), ipo ili karani aipeleke barua idara inayohusika bila kuisoma yote. Mwili uwe na mahali na tatizo, madhara, hatua ambazo shule imekwisha kuchukua, na ombi lenye muda. Kijana mara nyingi anaacha hili la mwisho. Analalamika aya tatu, anaandika "Wako mwaminifu", na afisa anabaki hajui anaombwa nini: kuzibua, kuchimba upya au kuja kuona?

Hapa ndipo pa kufunza kukuza hoja, maana barua rasmi hainyooshi mkono kwa mapambo. Andika ubaoni: "Mtaro huu unatusumbua sana." Uliza: unasumbua nani, lini, kwa kiasi gani? Sentensi ikirudi iwe kama hii: "Tangu tarehe 18 Machi maji yamefika kwenye ngazi za madarasa mara tatu, na kila mara vipindi vya asubuhi vimeanza baada ya saa tatu." Hoja, ushahidi, athari kwa msomaji huyu. Hatua hizo tatu ndizo zinazomtoa mwanafunzi kwenye C, na zinafaa katika kila insha atakayoandika. Zipe wiki mbili nzima.

Barua ya kirafiki ifuate, kwa binamu aliye Kitale, juu ya mtaro ule ule. Waweke barua mbili kando kwa kando. Binamu hana uwezo wa kuzibua mtaro. Anataka kujua umevukaje, nani ameteleza, mmecheka vipi. Waambie wapige mstari kila sentensi ya barua ya binamu ambayo afisa haihitaji. Wakishafanya hivyo kwa mikono yao, "Hujambo? Mimi sijambo" haitarudi tena kwenye barua rasmi.

Kumbukumbu na ripoti zinahitaji muda mrefu zaidi kuliko aina nyingine yoyote, kwa kuwa vijana huziona kitu kimoja: zote zina kichwa kirefu, vichwa vidogo na sahihi ya katibu. Tofauti yake ni hii. Kumbukumbu huhifadhi yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni. Ripoti hueleza yaliyochunguzwa na kugunduliwa. Mtu anaweza kuandika kumbukumbu nzuri kuhusu mtaro bila kuwahi kuuona, ripoti hawezi.

Kwa kumbukumbu, usisomee darasa mfano. Wape wanafunzi sita vyeo, wafanye mkutano wa dakika nane mbele ya darasa, wengine wote wawe makatibu. Daftari zitakazoletwa zitafanana na tamthilia: Mwenyekiti: "Jamani, mtaro huu umetuchosha." Katibu hanakili maneno, anayafupisha kwa usemi wa taarifa: "Mwenyekiti aliwaarifu wanachama kwamba hali ya mtaro imezorota." Na maamuzi huja kwa kauli ya kutendwa: "Ilikubaliwa kwamba", "Ilipendekezwa kwamba". Sababu yake waelezwe: uamuzi ni wa kikao, si wa mtu mmoja. Kichwa kitaje kikundi, mahali, tarehe na saa. Mahudhurio yatenganishe waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru na waalikwa. Kila kumbukumbu ipewe nambari yake na ifuate mpangilio wa ajenda, kisha iishie kwa jambo linalofaa kutekelezwa, nani atalitekeleza na kabla ya lini. Mwishoni, nafasi za sahihi na tarehe za mwenyekiti na katibu huachwa kwa kuwa hutiwa baada ya kumbukumbu kusomwa na kuthibitishwa katika mkutano unaofuata. Kijana akijua hilo, hatasahau kwamba ajenda ya kwanza ya mkutano mwingine huwa ni kusoma na kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, halafu yaliyotokana nazo.

Ripoti watoke nje waiandike. Dakika ishirini zinatosha. Wapime kwa hatua urefu wa sehemu iliyoziba, waandike kilichoziba ni nini (matope, chupa za plastiki, mabaki ya vibanda), wahesabu milango inayofikiwa na maji, wamuulize bawabu maji yalifika wapi mara ya mwisho. Darasani, waandike utangulizi wenye hadidu za rejea, yaani nani aliwatuma na kuchunguza nini, njia walizotumia, matokeo, hitimisho, mapendekezo. Kisha wape sharti moja: kila pendekezo liwe na nambari ya tokeo lililolizaa. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "Serikali itengeneze barabara zote" atatafuta tokeo lake asilipate, naye atalifuta mwenyewe. Aliyeandika katika matokeo kwamba mtaro umejaa taka za vibanda kumi na viwili ataandika kwa urahisi kwamba wenye vibanda wawekewe mapipa mawili na taka zizolewe kila Ijumaa. Katika mazoezi yote ninayokupa hapa, usiliache hili hata muhula ukikubana.

Hotuba ni insha ya masikio. Kosa kuu ni kuisimulia: "Mwenyekiti alisimama akasema kwamba..." Yeye ndiye anasimama, hadhira iko mbele yake sasa. Maneno yote yafunguliwe na kufungwa kwa alama za usemi, aanze na itifaki kuanzia mwenye cheo cha juu: "Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Mwalimu Mkuu, wazazi wapendwa, wanafunzi wenzangu, hamjambo?" Sentensi ziwe fupi na takriri, yaani kurudia maneno, iruhusiwe, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Kipimo chake ni rahisi: mwanafunzi aisome kwa sauti amesimama. Akiishiwa pumzi kabla ya nukta, sentensi ikatwe.

Tahariri huchanganywa na barua kwa mhariri. Waletee nakala ya Taifa Leo, waitafute tahariri wenyewe. Wataona kwamba haina anwani wala "Kwa Mhariri", kwa sababu anayesema ni mhariri kwa niaba ya gazeti. Insha iwe na jina la gazeti, tarehe, kichwa, kisha msimamo uliotajwa mapema na kutetewa, na jina la mhariri mwishoni. Habari ya mtaro ichukue aya moja tu. Zinazobaki ni hoja: nani anawajibika, kwa nini hali ilivyo haikubaliki, kifanyike nini. Kijana akitumia aya nne kueleza jinsi maji yalivyofurika, ameandika taarifa ya habari na atakwama kwenye maudhui hata kama sura ni safi.

Mahojiano na mazungumzo yote huandikwa kwa jina la msemaji na nukta mbili, bila "alisema" na bila alama za usemi. Vitendo huwekwa ndani ya mabano. Katika mahojiano anayeuliza huuliza kwa ufupi na anayejibu hupanua. Katika mazungumzo uzito unagawanyika. Wasifukazi, ilani, tangazo, resipe, memo na ratiba hazihitaji zaidi ya kipindi kimoja kila moja. Mifano yake imebandikwa kotekote, kwenye milango ya zahanati, steji za matatu na paketi za unga. Waambie walete.

Sasa zile za kisanii, ambako mazoea ya Jumamosi na ndege yana mizizi. Swali la kwanza la karatasi, la lazima, ni la kiuamilifu, yaani la aina zenye sura maalumu kama hizo tulizopitia. La pili mwanafunzi huchagua kati ya matatu, na kwa kawaida humo mna methali na mdokezo, yaani maneno anayopewa aanzie au amalizie insha. Methali humwangusha kijana wa Nairobi kwa njia mbili. Kwanza, haelewi picha yake. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" haimwambii kitu mtu asiyejua kwamba upwa ni ufuo maji yakiwa yamekupwa, na kwamba anayehangaika huko hakosi kitoweo cha kuteremshia wali. Eleza picha kwanza, maana baadaye. Pili, anashughulikia upande mmoja. Methali hii ina kugaagaa na ina wali usiokuwa mkavu. Kisa cha mhusika anayetaabika kurasa mbili kisha anafanikiwa katika sentensi ya mwisho kimeshughulikia nusu. Wachore mstari katikati ya ukurasa wa mpango, pande mbili za methali zikae kila moja upande wake, na kila upande uwe na matukio yasiyopungua matatu kabla ya kuanza kuandika.

Mdokezo wa kumalizia nao uanzwe kwa nyuma. Maneno yaliyotolewa yaandikwe kwanza chini ya ukurasa wa mpango, kama yalivyo, neno kwa neno. Kisha aulize: nani anasema maneno haya? Ana hasira, aibu au furaha? Dakika tano kabla ya hapo kulitokea nini? Anayeanza na utangulizi mrefu akitumaini atafika mwishoni huishia kuyabandika maneno pasipo na uhusiano.

Kuhusu ile Jumamosi, usiipige marufuku tu. Kijana ukimpokonya mwanzo bila kumpa mwingine atakaa akiutazama ukurasa mtupu. Mpe sharti: sentensi ya kwanza iwe na mtu anayefanya jambo, mahali panapotajwa kwa jina, na tatizo. "Makanga aligonga ubavu wa gari mara mbili, nami nilikuwa bado sijapata hata shilingi ya nauli." Misemo na tashbihi ziruhusiwe baadaye, na kila moja itetewe: machozi ya njia mbili njia mbili yanafaa msibani, hayafai mtu aliyepoteza kalamu.

Lugha ifundishwe ndani ya aina inayoihitaji, badala ya somo la sarufi lililojitenga. Masimulizi yabebe -ka-: akainama, akaokota, akakimbia. Kumbukumbu zibebe kauli ya kutendwa. Mapendekezo ya ripoti yabebe dhamira tegemezi: kaunti izibue, shule inunue, wazazi wachange. Na matokeo ya ripoti ni mahali pazuri pa kutibu kosa ambalo Nairobi tunalo kuliko pengine popote, la "mwenye" kushika nafasi ya kirejeshi: "mtu mwenye alikuja", "mtaro yenye imeziba". Waandike "aliyekuja", "ulioziba", mara kumi na tano, ishirini, mpaka sikio likubali. Hapo hapo shughulikia "anakujanga" na "kitu ingine". Sheng yenyewe usiitukane. Ni lugha ya nyumbani kwa wengi wao. Waeleze kwamba katika masimulizi inaweza kuwa mdomoni mwa mhusika, ndani ya alama za usemi na kwa kiasi, lakini katibu na mhariri hawaitumii.

Kwa muda wa mtihani, dakika 105 zigawanywe hivi: 5 za kusoma maswali na kuchagua, kisha kwa kila insha 10 za kupanga, 35 za kuandika na 5 za kukagua. Wengi hutumia saa nzima kwa insha wanayoipenda, na ya pili ikabaki robo. Zoezi hili lianze sasa. Hawa wako ni kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, wenye KCSE yao mwaka wa 2027, na hawana darasa la nyuma la kurudia nalo.

Usahihishaji wa daftari 52 usikuvunje mgongo. Kila insha chagua jambo moja la kusahihisha na ulitangaze kabla hawajaandika: leo ni ombi mwishoni mwa barua, wiki ijayo ni pendekezo na tokeo lake. Mengine yote wasahihishane wawili wawili kwa yale maswali manne ya ubaoni. Ukirudisha daftari, usiwaagize waandike insha upya. Wachague aya moja iliyo dhaifu kuliko zote, waiandike tena kwa dakika kumi na tano hapo hapo darasani, nawe upite ukisoma aya hizo tu.